Fedha za urithi wa baba, kihamba cha mume: ndoa ikivunjika, kipi kinagawanywa?

SWALI: Naishi Moshi na nimeolewa kwa ndoa ya Kikristo tangu mwaka 2009. Baba yangu alifariki, na mwaka 2018 nyumba yake ya Sakina, Arusha, iliuzwa tukagawana watoto. Mgawo wangu ulikuwa shilingi milioni 48. Milioni 15 niliziweka kwenye akaunti ya muda maalumu kwa jina langu na bado zipo. Milioni 22 zilimalizia nyumba tunayoishi Msaranga. Kiwanja mume wangu alikinunua mwaka 2007 kwa jina lake, na wakati napata fedha hizo nyumba ilikuwa boma lililoishia kwenye lenta. Milioni 6 ziliingia kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi, na milioni 5 zililipa ada za watoto. Sasa tunaelekea kuachana. Mume anasema kila kilichoingia ndani ya ndoa ni cha wote wawili, kwa hiyo hata zile milioni 15 tugawane. Lakini kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na makazi, alichorithi kwa baba yake Kibosho, ambacho nimekihudumia miaka yote hii, anasema ni cha ukoo na nisikitaje. Tena kuna shamba la baba Ngaramtoni ambalo bado halijagawanywa. Sheria inasemaje?

JIBU: Dada, mumeo ameshika kanuni mbili zinazopingana, moja kwa mali yako na nyingine kwa mali yake, na hakimu makini hatamwacha azitumie zote mbili. Ikiwa urithi hubaki kuwa wa aliyerithi, basi milioni zako 15 ni zako kama kihamba kilivyo chake. Ikiwa urithi huingia kwenye mali ya ndoa pale mwenza anapoweka nguvu au fedha zake ndani yake, basi hoja hiyo inamfikia na yeye kule Kibosho. Sheria yetu inayo yote mawili: la kwanza ndilo kanuni, la pili ndilo linaloipunguza kanuni hiyo nguvu kulingana na yaliyotendeka. Kwa sababu hiyo siwezi kukujibu kuhusu milioni 48 kama fungu moja. Zilitoka mahali pamoja zikaenda sehemu nne, na kila sehemu ina jibu lake.

Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, na haimzuii yeyote kati yao kupata mali, kuimiliki au kuiuza, isipokuwa kwa masharti yanayolinda nyumba ya ndoa au pale ambapo wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 114 ndicho kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali inapotoa talaka au amri ya kutengana, au baada ya hapo, na kinaitambua mali ya kugawanywa kwa sifa mbili zinazokwenda pamoja: iwe imepatikana wakati wa ndoa, na iwe imepatikana kwa jitihada za pamoja za wanandoa. Mumeo amesoma sifa ya kwanza akafunga kitabu. Si yeye peke yake. Kauli kwamba "kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha ndoa" nimeisikia kwa wazee wa ukoo, kwa wasimamizi wa ndoa, na mara nyingine kwa watu waliopaswa kujua zaidi.

Nyumba ya Sakina ilitokana na jasho la wazazi wako. Mgawo wako haukupatikana kwa jitihada ya mumeo, wala kwa jitihada yako mwenyewe. Ulikujia kwa sababu ya kuwa mtoto wa marehemu. Hata kama mumeo alikusindikiza Arusha kila tarehe ya mirathi ilipotajwa, akatia mafuta gari na akachangia msiba kama mkwe mwema, huo ni utu na heshima kwa ukwe, na haumfanyi kuwa mtafutaji wa mali iliyoachwa na baba yako. Fedha zile, siku zilipoingia kwenye akaunti yako, zilikuwa zako peke yako.

Linalofuata ni kile kilichotendeka baada ya siku hiyo, na hapo ndipo mashauri mengi ya aina hii hushindwa au kushinda. Fedha za urithi zikiingia kwenye matumizi ya nyumba ni kama maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yaliyokwisha kufunguliwa shambani: huwezi kuyaita yarudi, ila unaweza kuonyesha ni mgomba upi yaliunywesha.

Chukua kwanza zile milioni 15, kwa kuwa ndizo rahisi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa ni yake peke yake, mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa, vilevile mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akaunti ni yako, chanzo chake ni mirathi, na hakuna aliyeongeza kitu. Hata riba iliyopatikana imezaliwa na fedha hizo bila jitihada ya mtu wa pili. Mumeo anaweza kujenga hoja moja ya kisheria, na ni vizuri uijue mapema: kwamba ulipata nafasi ya kuzitunza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilisha nyumba, akilipa umeme na maji, na kwamba bila hivyo zingekwisha kuliwa. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu, hasa kwa mtu ambaye milioni 33 nyingine za mkewe zimeingia kwenye nyumba, duka na ada. Ingekuwa na uzito kama ungeutunza urithi wako wote huku yeye akibeba kila kitu peke yake.

Jambo moja tu linanipa wasiwasi kuhusu akaunti hiyo, nalo hukulitaja katika swali lako: je, umewahi kuongeza humo faida ya duka, au kuzitumia fedha hizo kama dhamana ya mkopo wa biashara? Kama faida ya duka iliingia, basi humo ndani kuna fedha za aina mbili, na itakubidi uzitenganishe kwa taarifa ya benki mstari kwa mstari. Usipoweza kuzitenganisha, unampa mwenzako nafasi ya kusema kwamba zote zilikuwa za pamoja. Na kama hujawahi kufanya hivyo, usianze sasa. Usizihamishie kwenye akaunti ya dada yako, wala usizitoe zote ukazificha ndani ya begi. Fedha ambazo sheria inakutambua kuwa mmiliki wake hazina haja ya kufichwa, na kuzificha kutamfanya hakimu atilie shaka hata yale ya kweli utakayosema baadaye.

Nyumba ya Msaranga ni habari nyingine kabisa. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 2007, miaka miwili kabla ya ndoa, kwa jina la mumeo na kwa fedha zake. Kama sheria ingeishia kwenye kifungu cha 58, nyumba ingekuwa yake na wewe ungetoka na masanduku yako. Lakini kifungu cha 114, kifungu kidogo cha tatu, kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa inahusisha pia mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na yule mwingine au kwa jitihada za wote wawili. Boma la tofali lililoishia kwenye lenta, lisilo na paa, ambalo watu hawawezi kulala ndani yake, likigeuzwa kuwa nyumba yenye bati, madirisha, dari, vigae, umeme na maji, hilo ni endelezo kubwa kwa kipimo chochote. Kwa hiyo nyumba hiyo inaingia kwenye mali ya kugawanywa, na inaingia kwa sababu yako.

Wengi huchanganyikiwa hapa. Mtu anadhani kwamba, kwa kuwa milioni 22 zilikuwa za urithi, atarudishiwa milioni 22 zake kwanza, kisha kinachobaki ndicho kigawanywe. Mahakama haifanyi hesabu ya namna hiyo. Mara ulipozigeuza kuwa paa na vigae, zile fedha ziliacha kuwa urithi na zikawa mchango wako katika nyumba. Chanzo chake bado kina kazi, kwa sababu kinaonyesha kwamba mchango ulikuwa wako na si wa mfuko wa pamoja. Lakini unachodai ni sehemu ya thamani ya nyumba kama ilivyo leo. Mara nyingi hilo ni jambo jema kwako, kwa sababu thamani ya nyumba Moshi mjini haijabaki pale ilipokuwa mwaka 2018.

Katika kupima mgawo, sheria inaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo, na baada ya kuyazingatia hayo ielekee kwenye usawa. Kuelekea kwenye usawa hakumaanishi kwamba kila mtu huondoka na nusu. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Tangu shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, mahakama hiyo pia ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea, kufua na kuitunza nyumba ili mwingine aweze kutafuta, nazo ni mchango. Kwa hiyo wewe una michango ya aina mbili katika nyumba hiyo, wa fedha na wa kazi, na wakili wako aitaje yote miwili kwenye hati ya madai. Nimeona wanawake wenye risiti nzuri wakisahau kabisa kudai kazi zao za nyumbani, kana kwamba kuwa na fedha kumewaondolea haki ya kuhesabiwa jasho.

Sasa, ushahidi. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo utakapoulizwa maswali magumu. Fikiria uko kizimbani na wakili wa mumeo amesimama. Atakubali haraka kwamba ulirithi milioni 48, hilo halimwumizi. Kisha atakuuliza: ulijuaje kwamba bati zilinunuliwa kwa fedha hizo na si kwa faida ya duka au mshahara wa mume? Atakupa risiti ya duka la vifaa na kukuomba uisomee mahakama jina lililoandikwa juu yake. Jina litakuwa la mumeo. Kwa nini? Kwa sababu ndiye aliyekwenda na gari ndogo ya mizigo kuchukua bati na mbao, na muuzaji huandika jina la mtu aliyesimama mbele yake. Katika mji wetu ni kawaida mwanamke atoe fedha na mwanamume akanunue, na miaka kumi baadaye karatasi zote zinasema kwamba mwanamume ndiye aliyejenga.

Jibu la swali hilo halimo kwenye risiti peke yake, limo kwenye mfuatano wa karatasi. Anza na mirathi yenyewe. Kama ilipitia Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi alijaza Fomu Na. 5 inayoorodhesha mali za marehemu, na Fomu Na. 6 inayoonyesha hesabu na jinsi mali ilivyogawanywa. Omba nakala zilizothibitishwa na mahakama, pamoja na barua ya uteuzi wa msimamizi na muhtasari wa kikao cha ukoo. Hapo jina lako na mgawo wako vitasomeka. Kisha chukua taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha zilipoingia na siku ulipozitoa. Kama tarehe 9 ulitoa milioni 7 na tarehe 10 ya mwezi huohuo kuna risiti ya bati na mbao ya kiasi kinachokaribia hapo, hakimu ataona mwenyewe bila wewe kumsihi, hata jina la juu likiwa la nani. Ujumbe wa simu wa kumtumia fundi fedha nao ni ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila utaratibu wa kuuwasilisha ufuatwe. Kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala, nayo ina nguvu kuliko picha uliyoipiga kwenye kioo cha simu.

Mtafute na fundi. Mafundi wetu wengi wana daftari, hata kama limechakaa na lina madoa ya saruji, wanamoandika waliyopokea na nani aliyewapa. Fundi aliyeezeka na kupiga plasta, akisimama na kusema "mama ndiye aliyekuwa akinilipa kila Jumamosi, na boma nililikuta halina paa", ana uzito mkubwa kwa sababu hana ugomvi na yeyote kati yenu. Kama una picha za nyumba ikiwa boma, zilizopigwa kabla ya mwaka 2018, zitunze kama dhahabu.

Jiandae pia kwa hoja ya zawadi. Sheria ya Ndoa inasema kwamba mwanandoa akimpa mwenzake mali wakati wa ndoa, inachukuliwa kuwa imekuwa mali ya aliyepewa moja kwa moja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mumeo anaweza kudai kwamba ulimzawadia fedha hizo ajengee nyumba yake. Majibu yako ni mwenendo wenu: mlihamia humo pamoja, mmelea watoto humo, na ulisimamia ujenzi kama mtu anayejenga kwake. Nisingeiogopa sana hoja hiyo kwa fedha iliyoingia kwenye nyumba ya kuishi ya familia, lakini nisingependa uisikie kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani.

Wakati shauri linaandaliwa, ilinde nyumba. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ni ya jina lake peke yake, na kinakupa haki ya kuweka zuio. Kama kiwanja kina hati iliyosajiliwa, zuio hilo huwekwa kwa Msajili wa Hati. Kama bado kiko kwa hati za mauziano za serikali ya mtaa tu, mwandikie barua mwenyekiti wa mtaa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Haina nguvu ya zuio la usajili, lakini mnunuzi atakayekwenda kuuliza hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

Duka halihitaji maneno mengi. Lilianzishwa na kukuzwa na nyote wawili ndani ya ndoa, kwa hiyo ni mali ya pamoja, na milioni 6 zako ni sehemu ya mtaji, si mkopo unaodai urejeshewe, isipokuwa kama mliandikiana hivyo. Kitakachogawanywa ni thamani yake halisi: bidhaa zilizomo, fedha zilizo benki na mnazowadai wateja, ukitoa deni la wasambazaji na mkopo wowote. Hesabuni bidhaa mapema, nyote mkiwapo na shahidi wa pembeni, kabla stoo haijaanza kupungua usiku.

Ada nazo zimekwisha kutumika kwa jambo jema na hazirudi. Zinaweza kutajwa kuonyesha kwamba ulibeba sehemu ya mzigo wa familia, basi. Matunzo ya watoto kuanzia sasa ni ombi tofauti ndani ya shauri hilohilo, na wajibu wa baba hauondoki kwa sababu mama alipata urithi.

Nije kwenye kihamba, ambacho nadhani ndicho kilichokuuma zaidi. Katika ardhi ya urithi swali la kwanza huwa: ardhi hiyo ni ya nani? Je, baba mkwe wako alifariki na mirathi ikafunguliwa, au mumeo "alionyeshwa" tu kihamba na wazee kwa desturi kwamba kitinda mimba hubaki nyumbani kwa wazazi? Je, mama mkwe bado anaishi hapo? Kama ardhi bado ni ya marehemu ambaye mirathi yake haijafungwa, au ni ya mzazi aliye hai, mahakama haiwezi kugawa kati yenu kitu ambacho si cha yeyote kati yenu. Kama kimekwisha kuwa cha mumeo kwa urithi, basi kwa kanuni ileile inayolinda milioni zako 15, ardhi yenyewe ni yake. Hapo mumeo ana haki, na sitakudanganya. Mahakama zetu pia, zikiambiwa zizingatie mila, husita sana kuikata ardhi yenye makaburi ya ukoo na kumpa mtu atakayekuwa amekwisha kutoka kwenye ukoo huo. Hilo halimhusu mwanamke kwa kuwa ni mwanamke. Mwanamume aliyeoa na kuendeleza shamba alilorithi mkewe kwao Meru angekutana na ukuta huohuo.

Lakini "ni cha ukoo, usikitaje" ni kauli inayovuka mpaka. Unasema umekihudumia miaka yote. Nini hasa ulichofanya? Kama uling'oa mibuni mizee na kupanda mipya, ukabadilisha migomba, ukajenga banda la ng'ombe, ukavuta maji, ukaikarabati nyumba ya wazee kwa fedha ulizozichuma mwenyewe, basi kuna thamani uliyoiongeza. Maneno ya kifungu cha 114 yanataja mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa, na mawakili hujenga hoja ileile kwa mali iliyorithiwa katikati ya ndoa, kwa kuwa sababu yake ni moja. Zaidi ya hapo, kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtambua mwanandoa aliyechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake, kwamba amejipatia maslahi katika ardhi hiyo kwa sababu ya kazi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo nayo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Ushauri wangu ni kwamba usiombe kugawiwa kihamba. Omba ulipwe fidia ya maendelezo, yafanyiwe tathmini na mthamini aliyesajiliwa, na uyataje moja moja. Ombi la kugawa ardhi litawaleta ukoo mzima kizimbani, kila mmoja na kumbukumbu yake kuhusu nani alipanda mgomba gani, na utatumia mwaka mzima kupigania kipande ambacho usingekaa hata ukipewa. Ombi la fidia humlazimisha mumeo kuzungumzia kazi yako badala ya makaburi ya babu zake. Lina faida nyingine pia: kadiri atakavyosisitiza kwamba urithi wa mtu hauguswi na mwenzake, ndivyo atakavyokuwa akitoa ushahidi kwa niaba ya akaunti yako ya milioni 15. Wakili wako aiache hoja hiyo isemwe mpaka mwisho bila kuikatiza.

Kuhusu utaratibu, mahakama haigawi mali kabla ya talaka au amri ya kutengana, na shauri la talaka kwa kawaida haliwezi kufunguliwa mpaka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Iwe mmekwenda kwenye baraza la kata au la kanisa, kumbuka kwamba baraza husuluhisha. Halina mamlaka ya kugawa mali. Nimeona karatasi zenye mihuri ya mabaraza zinazompa huyu nyumba na yule gari. Haziwezi kukaziwa kama hukumu. Ukishinikizwa kusaini orodha ya mali huko, sema kwa adabu kwamba suala la mali utalipeleka kwa hakimu. Kama mtaelewana wenyewe, jambo ambalo ningelipendelea kwa watu wenye watoto na duka moja, makubaliano yaandikwe na mawakili na yasajiliwe mahakamani yawe sehemu ya amri, yakisema bayana kwamba fedha za akaunti fulani ni za mke kwa sababu ya mirathi na kwamba kihamba ni cha mume baada ya kulipa kiasi fulani cha maendelezo. Na kama kanisa lenu halitambui talaka, hilo ni la kuzungumza na mchungaji au padre. Haliizuii mahakama kuvunja ndoa wala kugawa mali.

Shamba la Ngaramtoni lina jibu fupi kuliko yote. Mpaka msimamizi wa mirathi akugawie, shamba hilo ni mali ya marehemu baba yako, na wewe una haki ya kudai mgawo tu. Mumeo hawezi kuliorodhesha kwenye mali za ndoa, wala hawezi kuomba shauri lenu lisubiri mpaka mgawanyo ufanyike. Huna sababu ya kuwaomba kaka zako wacheleweshe kwa kuogopa talaka, kwa kuwa ukipata mgawo leo utakuwa wako kwa kanuni ileile. Sharti ni kwamba usajiliwe kwa jina lako peke yako, na kwamba kabla ya amri ya mahakama usimruhusu mumeo kupeleka trekta, mbegu au fundi huko, hata kwa nia njema. Na kama anayechelewesha ni msimamizi mwenyewe, basi wewe kama mrithi una haki ya kwenda kwenye mahakama iliyomteua na kuomba aitwe alete orodha na hesabu zake.